Jinsi ya kumchambua mhusika kwa Freud bila kumbandika majina tu

Wanafunzi wengi ninaowasaidia kwenye riwaya, wakifika kwenye saikolojia wanaandika hivi: Rosa ni idi, baba yake ni supaego, wanapiga mstari wanahamia swali lingine. Hapo bado hujachambua kitu, umegawa majina tu. Ngoja nikuonyeshe navofanya mimi, nitatumia watu wawili, Rosa wa Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) na Daktari Jekyll wa Stevenson (1886).

Kwanza ielewe nadharia kwa maneno ya kawaida. Freud, daktari wa Vienna, alitoa kitabu mwaka 1923 akaigawa nafsi sehemu tatu, na kwa Kijerumani chake hakutumia maneno magumu kabisa, alisema tu kile, mimi, na mimi wa juu, ni watafsiri wa Kiingereza ndo walileta Kilatini, yaani idi, ego na supaego, na sisi tukapokea hivohivo. Idi ni kile kinachotaka sasa hivi, njaa, hasira, tamaa ya mwili, kesho hakiijui. Supaego ni sauti ya wazazi, dini na jamii ambayo imeshaingia ndani yako, hata uwe peke yako chumbani na mlango umefunga bado inakusuta. Ego yupo katikati, anabembeleza huku, anaomba muda kule, na hapohapo anaangalia dunia itamruhusu nini. Shika hayo maneno "imeshaingia ndani", tutayahitaji sasa hivi.

Sasa usianze na mhusika mzima, utapotea. Chukua tendo moja lililokushtua, lile ulilofunga kitabu kidogo ukasema huyu naye kafanyaje, alafu uliza: alitaka nini? alimwogopa nani? na alijidanganya vipi ili aweze kulala usiku? Hilo la tatu ndo lenye utamu, Anna Freud, binti yake Freud, aliliandikia kitabu kizima 1936 kuhusu mbinu ambazo ego hujikinga nazo, kukana, kumsukumia mwenzako kosa lililo lako, kuhamishia hasira kwa asiye na hatia. Ukizijua hizo chache tu unaanza kuziona kila ukurasa.

Twende kwa Rosa. Anapata barua ya mvulana, baba yake Zakaria anampiga kipigo kibaya. Alafu Rosa huyohuyo akienda kusoma mbali na nyumbani, baadaye anaishia kuwa na wanaume mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wake unaumiza sana kuusoma. Watu husema idi imemshinda basi. Mimi nakwambia rudi kwenye swali la pili, alimwogopa nani? Alimwogopa Zakaria, mtu mwenye mikono na fimbo. Sauti ya baba haikuwahi kuingia ndani ikawa yake, ilibaki nje, kwa hiyo siku alipopanda chombo kuondoka Ukerewe fimbo ilibaki kisiwani na ndani yake hakukuwa na mtu wa kumwambia subiri kwanza. Unaona tofauti? Hoja imetoka "Rosa ana tamaa" imekuwa "malezi ya vitisho hayajengi supaego", na hiyo ya pili unaweza kuitetea kwa matukio ya kitabu.

Kwa Jekyll kosa la kawaida ni kusema yeye ni wema na Hyde, yule mtu anayegeuka kuwa akinywa dawa yake, ni ubaya. Hapana, Jekyll mwenyewe anakiri tangu ujana alikuwa na starehe zake anazificha kwa sababu alitaka kuheshimika. Huyo ni ego kachoka kupatanisha, akatafuta dawa ya kuwatenganisha hao wawili, anayetaka starehe na anayetaka heshima. Na angalia Stevenson alivyo makini, Hyde ni mfupi na mdogo kuliko Jekyll, nguo za daktari zinampwaya, manake upande ule ulikuwa haujatumika sana. Alafu kuna ile asubuhi anaamka kitandani kwake, dawa hajanywa, anaangalia mkono juu ya shuka, sio ule mkono wake mkubwa mweupe, ni mwembamba wenye mishipa na umejaa nywele. Mimi hapo huwa nasimama kusoma. Ego kapoteza funguo za nyumba, na mwandishi hajatumia neno hata moja la kitaalamu.

Tena hakuweza kulitumia, 1886 mpaka 1923 ni miaka 37. Kwa hiyo usiandike kamwe "Stevenson alitumia nadharia ya Freud". Andika kwamba nadharia inatusaidia sisi kuona.

Ukiandika aya yako weka tendo kwanza, alafu ushahidi wa kitabu, jina la nadharia mwishoni. Ukimaliza lifunike hilo jina kwa kidole usome tena, kama aya haijapoteza chochote basi nadharia hukuihitaji, ifute. Na mhusika akiiba kwa sababu watoto wana njaa usimpeleke kwa Freud, huyo anahitaji uchambuzi wa umaskini.

Kama unataka zoezi anza na Zakaria siku ile ya barua. Wengi wanamwandika "baba mkali" wanapita. Mtu mwenyewe ni mlevi, pombe imemshinda, anakutana na karatasi ya mvulana iliyoandikwa kwa binti yake. Muulize yale maswali kwa mpangilio uleule, na la tatu usiliharakishe.