Maji ya baraka yakikaa sana nyumbani

Ile chupa ya maji ya baraka uliyojaza Mkesha wa Pasaka, kama imeanza kuota ukijani au kutoa harufu, usiimwage kwenye sinki, chooni ndiyo kabisa. Mimina kwenye udongo safi, chini ya mti au kwenye maua, mahali pasipokanyagwa. Kitu kilichobarikiwa hurudishwa ardhini kwa heshima. Kisha kajaze mengine parokiani. Ukiona padre anatia chumvi wakati wa kubariki, usishangae, ni desturi ya zamani na Misale (kitabu cha sala za Misa) inairuhusu.

Ila yasikae kabatini tu hadi yaharibike. Chovya kidole ufanye ishara ya msalaba unapotoka asubuhi, wape watoto baraka kabla hawajalala, nyunyiza chumba cha mgonjwa huku mkisali. Yanakukumbusha ubatizo wako, ndiyo maana yanawekwa mlangoni mwa kanisa. Ni kisakramenti, si sakramenti: yanamwandaa mtu kupokea neema kwa sala ya Kanisa, hayafanyi kazi kama hirizi. Kwa hiyo anayekuuzia chupa kwa ahadi ya kupata kazi au mchumba, mkwepe.