Jinsi ya kuchambua shairi fupi lisilo na vina bila kubuni mambo

Wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne kila siku swali ni lile lile, bro shairi lenyewe mistari sita, vina hakuna, mizani hakuna, sasa nichambue nini? Nawaelewa kabisa, tumezoeshwa kuhesabu nane nane, tukiona mishororo minne tunaandika tarbia maisha yanaendelea. Tangu mshairi Kezilahabi atoe Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyo na vina, mwaka 1974 watu waligombana sana kama haya ni mashairi au sio, huo ugomvi achana nao, kwenye karatasi ya mtihani haukusaidii kitu.

Nimeandika haka kadogo mwenyewe tufanyie mazoezi:

Mvua ya kwanza.
Kumbikumbi wanatoka,
sisi na sufuria ya bibi tunawangoja.
Leo wameizunguka taa ya barabarani,
hakuna aliyetoka.
Asubuhi, mbawa tupu juu ya lami.

Soma kwa sauti, mara mbili tatu hivi, kalamu iache kwanza.

Mi naanza na mdudu kama mdudu. Wengi wakiona kumbikumbi tu tayari wameshaandika "sitiari ya maisha mafupi". We tulia. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, wanatoka kichuguuni mvua ikinyesha, usiku wanafuata mwanga, wakishatua wanadondosha mbawa wenyewe halafu dume na jike wanatafutana wanaingia ardhini kuanzisha kichuguu kipya (wale ambao hawajaishia kwenye kikaango, na wanavyonukia wakikaangwa na chumvi, basi tu). Ukishajua hilo mstari wa mwisho unageuka, kwa sababu mbawa tupu zingeweza kuwa habari njema, wametua, wanaanza makazi, ila hapa chini ni lami, sasa wataingilia wapi? Hapo ndo shairi linapouma, na usipomjua mdudu hupaoni.

Halafu viambishi vya wakati, watu wanavipita kama hawavioni. Utoto, yaani mstari wa pili na wa tatu, ulishapita lakini umeandikwa kwa -na-, wanatoka, tunawangoja, kana kwamba bado tumechuchumaa pale nje. Leo ndo ipo sasa hivi, ila imeandikwa kwa -me- na -li-, wameizunguka, hakuna aliyetoka, kama kitu kilichokwisha. Yaani kumbukumbu iko hai kuliko leo yenyewe! Hiyo pointi ukiiandika na ukaonyesha viambishi, anayesahihisha atajua umesoma shairi kweli, hujakariri notsi za mtu.

Neno linalojirudia nalo lifuate. Kutoka lipo mara mbili, kwanza wanatoka wadudu, mara ya pili hakuna mtu aliyetoka, wamejifungia ndani huko. Usiishie kuandika "kuna takriri", sema takriri inafanya nini.

Sasa bibi. Nimeshaona majibu ya aina hii, "bibi yake alifariki akawa na majonzi". Wapi imeandikwa? Bibi hata haonekani, ipo sufuria yake tu, na kuanzia "Leo" sufuria haipo na "sisi" haipo. Andika hivyo hivyo, kwamba shairi limekaa kimya kuhusu bibi na ukimya huo unaacha pengo, ila usimzike wewe.

Dhamira iache mwisho kabisa, ukianza nayo utalazimisha kila mstari uifuate. Mi ningejibu hivi: nafsineni (yule anayezungumza ndani ya shairi) anakumbuka mvua iliyokuwa inawatoa watu nje pamoja, na sasa mvua ni ile ile, wadudu ni wale wale, walioadimika ni watu, mstari wa tano unaonyesha. Wakiuliza toni usiandike huzuni ukafunga, mstari wa tatu una furaha, hao ni watoto wanaosubiri kitoweo.