Kusoma jeni kwa mwanga wa kimulimuli, seli zikiwa hai

Wiki iliyopita nilikaa siku tatu na binti mmoja wa Wete katika maabara hapa Unguja. Alitaka kujua jeni anayoichunguza huwashwa na nini. Nayaandika ili mwengine asipoteze muda tulioupoteza.

1. Chagua lusiferasi, yaani kimeng'enya kinachotoa mwanga; utakiunganisha na swichi ya jeni yako, ikiwashwa uone mwanga. Mimi hutumia ya kimulimuli wa Marekani, Photinus pyralis. Inahitaji lusiferini (kemikali inayoichoma ili itoe mwanga), oksijeni, magnesiamu na ATP, yaani nishati ya seli yenyewe. Ile ndogo itokanayo na kamba wa kilindini inang'aa zaidi, lakini simshauri anayeanza: hata promota (ndiyo swichi ya jeni) iliyolala utaiona kama iko macho.

2. Panga promota yako mbele ya lusiferasi kwenye plasmidi (kiduara cha DNA), ingiza ndani ya seli pamoja na plasmidi ya Renilla, lusiferasi nyingine ya kulinganishia, subiri saa 24. Vishimo vichache vya sahani ya seli vipewe plasmidi isiyo na promota, viwe vya kulinganishia.

3. Lusiferini: nunua chumvi ya potasiamu, huyeyuka kwenye maji. Tia mikrogramu 150 kwa mililita ya midia, yaani maji ya kulishia seli. Ifunge kwa foili na uigawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, maana kuiyeyusha na kuigandisha tena na tena huiharibu.

4. Sahani. Hapa ndipo tulipokwama. "Mwalimu, hakuna seli humu, mbona kunawaka?" Tukabadilisha midia, tukabadilisha lusiferini, tukasafisha mashine ya kupima mwanga. Mwisho nikamwambia, mwanangu, pima sahani mpya, tupu. Ikawaka! Plastiki nyeupe hunywa mwanga wa taa za dari, kisha huutoa polepole. Basi zima taa, iache sahani gizani ndani ya mashine dakika 5 hadi 10 ndipo usome. Usikimbilie sahani nyeusi, humeza mwanga wa seli; wala zenye kuta angavu, kishimo kimoja humulika cha jirani. Joto nalo: sahani ikitoka kwenye inkubeta hupoa, vishimo vya pembeni vikitangulia, na lusiferasi hubadilika na joto. Mashine ifike nyuzi 37 mapema, kiyoyozi kisiipulizie sahani.

5. Soma kila dakika 10. Mwanga ukishuka usiseme jeni imezimwa. Huenda seli zinakufa na ATP inaisha. Jaribio likimalizika pasua seli, pima Renilla, ambayo haihitaji ATP, ulinganishe nayo. Na jeni ikizimwa kweli, mwanga hauondoki papo hapo: ndani ya seli lusiferasi hupungua kwa nusu kila baada ya saa 3 hivi.