Kugomea vitabu pepe vya bei ghali, fanya hivi ndo isikike

Kwanza jua bei anapanga nani. Kwa wachapishaji wakubwa wa Marekani mara nyingi ni mchapishaji mwenyewe sio Amazon, kwahiyo ukilikasirikia duka unapoteza nguvu bure. Mwaka 2009 wasomaji wa Kindle (kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe) waligomea vitabu vilivyozidi dola 9.99, wakawa wanavibandika tagi ya mgomo palepale dukani, ila 2010 wachapishaji na Apple wakapandisha vingi hadi 12.99 na 14.99, kilichowabana baadae ni kesi ya serikali ya Marekani ya 2012 kuhusu kupanga bei kwa pamoja. Yani kila mtu kususa kivyake haitoshi kabisa.

Sasa ungana na mnunuzi mkubwa, maktaba. Novemba 2019 Macmillan, mmoja wa wachapishaji hao wakubwa, waliziwekea maktaba kikomo, nakala pepe moja tu ya kitabu kipya kwa wiki 8 za mwanzo, maktaba kibao zikaacha kununua, na Machi 2020 kikomo kikaondolewa japo corona nayo ilishaingia. Hiyo ndo njia ninayoiamini.

Chagua mchapishaji mmoja, mwandikie bei unayotaka, hela yako peleka kwenye kitabu kingine cha bei poa. Na tafadhali usimpige mwandishi nyota moja kisa bei, hapo sio yeye aliyeipanga na ndo anaumia wa kwanza.