Kuchora mavazi ya kifalme kwa namna ya Velázquez

Mwongozo huu ni kwa anayejua tayari rangi ya mafuta na anataka kuchora sura na mavazi kama yalivyochorwa katika kasri la Madrid enzi za Mfalme Felipe IV wa Hispania. Mfano wetu ni picha ya mfalme huyo katika mavazi ya kahawia yenye tarizi ya fedha, aliyoichora Diego Velázquez, mchoraji wa kasri hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1630. Iko katika jumba la sanaa la National Gallery, London.

1. Turubai. Tumia kitani, sm 60 kwa 50. Loweka gramu 70 za gundi ya ngozi ya sungura katika lita moja ya maji usiku kucha, kisha ipashe moto taratibu. Ikichemka hupoteza nguvu. Paka tabaka moja jembamba. Gundi nene hukakamaa na baadaye hupasua rangi iliyo juu yake.

2. Rangi ya msingi. Baada ya safari yake ya Italia ya 1629–1631, Velázquez alizidi kupenda msingi mweupe au wa kijivu. Changanya rangi nyeupe ya msingi ya mafuta na nyeusi ya mifupa kidogo sana, utandaze kwa kisu, tabaka mbili. Uache ukauke kabisa. Kijivu hiki kitakuwa kivuli chako cha usoni, kwa hiyo usikifunike chote.

3. Mchoro. Chora moja kwa moja kwa brashi na kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ukitaka kuhamisha mguu au bega, kwangua kwanza. Rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri inavyozeeka, ndiyo maana katika picha ya Felipe IV aliyevaa nyeusi, iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid, miguu ya mwanzo inaonekana tena.

4. Uso. Nyeupe, vemilioni (nyekundu kali), udongo wa manjano na nyeusi zinatosha. Weka mwanga kwa rangi nzito na kivuli kwa rangi nyepesi, kisha lainisha ukingo wa taya kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi. Velázquez alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani ni salama zaidi, ila hufunika sana, basi itumie kidogo.

5. Nguo. Paka kahawia nyembamba, bila tarizi yoyote. Ukiitia nyeusi ya mifupa, kumbuka kwamba hukauka polepole: ukipaka juu yake rangi inayokauka haraka kabla haijakauka, mipasuko itatokea.

6. Tarizi. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kufuata uzi mmoja mmoja. Matokeo yake ni kamba iliyobandikwa juu ya kitambaa. Subiri kahawia ikauke, shika brashi ya mpini mrefu mwishoni kabisa, usimame mbali. Anza na madoa ya kijivu yasiyo na umbo kamili, yakifuata mkunjo wa mkono wa nguo. Juu yake weka kijivu cheupe zaidi, machache kuliko ya kwanza. Mwisho, nyeupe nzito isiyozimuliwa: gusa mara moja, inua, usirudie. Ukirudia, nyeupe huchanganyika na kijivu na mng'ao hufa. Weka nyeupe pale tu mkunjo unapoelekea dirishani. Upande wa pili acha kijivu peke yake. Ukisogea karibu uone mabaka tu, na ukirudi nyuma hatua nne uone fedha. Ukiona uzi hata ukiwa karibu, umezidisha.

7. Vanishi. Ngoja angalau miezi sita. Sehemu za giza zikififia kabla ya hapo, zipanguse kwa mafuta ya kitani kidogo mno, kisha ufute yaliyozidi kwa kitambaa.