Fundi wa betri, ukienda kupimwa damu taja kazi yako

Kazi yangu ni kutazama damu za watu, katika maabara ndogo karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Wengi wanaokuja ni mafundi: wa betri, wa rediata, wa kupuliza rangi. Malalamiko yao yanafanana. Mwili hauna nguvu, kichwa kinagonga, tumbo linasokota na choo kimefunga. Huku kwetu mtu akisema amechoka, kipimo cha kwanza ni malaria, kisha HB, yaani himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Malaria isipoonekana na HB ikiwa chini, fundi anapewa vidonge vya chuma vya kuongeza damu, anarudi kibandani. Hakuna aliyemuuliza anashika nini mchana kutwa.

Anashika risasi: si ya bunduki, ni ile metali nzito yenye sumu iliyo kwenye betri na solda. Kwa hiyo kabla hujakunja mkono wa shati, taja kazi yako, na usiishie kusema "jua kali". Sema, "Daktari, mimi hupasua betri kuukuu na kuyeyusha pleti," au "Mimi huziba rediata kwa solda." Ukisema hivyo, hata mimi slaidi yako, kile kioo kilichopakwa damu, naitazama kwa jicho lingine.

Omba pia damu ipakwe nyembamba. Tone nene la malaria hutayarishwa kwa namna inayopasua chembe nyekundu ili vimelea waonekane, na zikipasuka, alama za risasi zinapotea nazo. Kwenye damu iliyopakwa nyembamba chembe hubaki nzima. Za fundi aliyekula risasi nyingi mara nyingi ni ndogo, zimepauka katikati, na baadhi zina vitone vya buluu vilivyotapakaa kama pilipili manga juu ya yai. Vitone hivyo si risasi yenyewe. Ni mabaki ambayo chembe changa huyasafisha inapokomaa, lakini risasi imezuia kimeng'enya (enzaimu) kinachofanya usafi huo. Tahadhari: vinaweza kuonekana pia kwa mwenye selimundu (sickle cell), na selimundu huku magharibi si ngeni. Tena visipoonekana, usijihesabu umepona.

Kuhusu vile vidonge: mwili hutengeneza himoglobini kwa hatua, na risasi huvuruga hatua kadhaa, ikiwemo ile ya mwisho ya kuingiza chuma mahali pake. Zinki huingia badala yake. Chuma unaweza kuwa nacho, ila hakitumiki. Juu ya hayo, chembe nyekundu ambayo kwa kawaida huishi siku 120 hivi hufa mapema. Ukiwa na upungufu wa chuma kweli, meza dawa, maana mwenye upungufu huo hufyonza risasi zaidi. Lakini dawa hiyo haitoi risasi mwilini.

Na usidanganywe na HB nzuri. Kwa mtu mzima, HB huanza kushuka risasi ikiwa imeshapanda sana, mara nyingi kuanzia mikrogramu 50 kwa desilita ya damu. Shinikizo la damu na figo huweza kuguswa kabla ya hapo. Kipimo cha kuomba ni cha kiwango cha risasi kwenye damu. Maabara ndogo kama yetu haikifanyi. Damu hutumwa kwenye maabara kubwa, kwa hiyo uliza bei na chupa inayotakiwa kabla ya kuchomwa sindano. Njoo umeoga, umevaa nguo ambazo hazijaingia kibandani, na mkono uuoshe kwa sabuni. Damu ya kidole inachafuliwa upesi na vumbi lililo kwenye ngozi, kwa hiyo ya mshipa ndiyo ya kuaminika.

Jibu likija, tazama kipimo walichotumia. Likiwa kwa maikromoli kwa lita, zidisha kwa 20.7 upate mikrogramu kwa desilita. Kuanzia 5, Shirika la Afya Duniani linasema chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kanuni za viwanda za Marekani humtoa mtu kazini akifika 60. Wewe usingoje huko. Ukiacha kushika risasi, kiwango cha kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ila iliyojificha kwenye mifupa hukaa miaka mingi ikitoka kidogo kidogo. Dawa za kuvuta risasi zipo, nazo ni za hospitali, kwa aliyezidiwa. Kuzimeza huku ukiendelea kuvuta moshi ule ule ni kujiumiza.

Sasa kibandani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Kadiri unavyozidisha moto ndivyo moshi unavyoongezeka, na moto wa gesi unapita hapo mbali sana. Yeyushia nje, upepo ukitoka ubavuni ili uondoe moshi usoni. Usifagie sakafu kavu: mwaga maji kwanza, kisha piga deki. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio vya chembechembe, nayo haishiki vizuri kwenye ndevu. Sufuria ya kuyeyushia isirudi jikoni hata ikisuguliwa ikang'aa.

Maziwa je? Mafundi wengi hunywa pakiti jioni wakiamini yanaosha sumu. Kunywa, yana kalsiamu, na kalsiamu hupunguza kiasi fulani risasi inayofyonzwa tumboni. Uliyoivuta kwa mapafu hayaigusi. Kwa maoni yangu, sabuni ya mche kabla ya kumega ugali inakufaa kuliko pakiti hiyo. Sigara na mandazi viache nje ya eneo la kazi.

Nguo za kazi zibaki kazini. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima karibu sehemu moja kwa kumi, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Zikilazimika kufika nyumbani, zibebe kwenye mfuko uliofungwa, usizikung'ute mlangoni, zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kwenye sukuma wiki. Na kama kwako mtoto amekuwa mpole ghafla, hataki kula au anarudi nyuma shuleni, apimwe naye siku ile ile unayopimwa.