Kabla hujaenda kupima matiti

Kila Oktoba, tangazo la kupima saratani ya matiti bure likipita mjini Mbeya au Iringa, wanawake hugawanyika. Wapo wanaowahi foleni, na wapo wanaosema, "Siumwi, nikatafute ugonjwa wa nini?" Wote wana haki ya kufikiri kwanza, lakini anza na swali moja: kuna kitu umekiona au kukigusa, au huna dalili yoyote?

Kama kipo, hapo hakuna cha kuamua. Uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, majimaji yenye damu, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa: nenda wiki hii hii, usingoje kampeni wala viazi viishe shambani. Na usidanganywe na kutouma, kwa sababu uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Anayenyonyesha ataambiwa ni maziwa yameganda, na mara nyingi ni kweli, lakini bonge ambalo wiki mbili zimepita na bado lipo lionwe na daktari. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Tatizo ni kwamba mama mkwe hawezi kuutambua kwa kupapasa, na daktari naye hawezi mpaka apime zaidi.

Sasa wewe usiye na dalili. Cha kwanza ni umri. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, huwafaa zaidi wenye umri mkubwa. Shirika la Afya Duniani huwataja wanawake wa miaka 50 hadi 69, kila baada ya miaka 2, tena kwa nchi ambazo huduma zake zimekamilika. Marekani, tangu 2024, wanashauri kuanzia 40. Titi la binti wa miaka 25 limeshikana sana, hivyo kwenye picha hutoka jeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Kwa huyo ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, husaidia zaidi.

Cha pili ni ukoo, na hapa uulize vizuri kabla hujaulizwa na daktari. Kwenye familia nyingi bibi "alikufa kwa jipu la titi", au alirogwa, na habari ikaishia hapo. Uliza alikuwa na miaka mingapi, na lile jipu lilikaa muda gani. Uliza na upande wa baba: wengi humtaja mama na dada wakamsahau shangazi, wakati hatari ya kurithi hupita kwa baba vilevile.

Kupima kuna hasara zake, na matangazo hayazitaji. Jopo huru lililopitia takwimu za Uingereza mwaka 2012 lilikadiria kwamba kwa kila mwanamke 1 anayeokolewa na mamografia, 3 hutibiwa saratani ambayo isingewasumbua maishani. Hilo si dogo. Hata hivyo, kwa Rungwe, Makete au Mufindi mimi naogopa zaidi kuchelewa, maana Tanzania wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4, yaani zile za mwisho.

Kwenye kampeni, kipimo chenyewe mara nyingi ni mikono tu. Utavua juu, utalala chali mkono mmoja ukiwa nyuma ya kichwa, na muuguzi atazungusha ncha za vidole vitatu polepole kuanzia mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, hadi chini ya titi, kisha kwapani. Ukitaka mwanamke akupime, sema mapema, pale unapoandikishwa. Vaa blauzi na sketi, si gauni. Chagua siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa hayajajaa. Kama ni mamografia, usipake poda wala dawa ya kwapa, kwani chembe zake huweza kuonekana kwenye picha. Titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache. Linauma, halafu basi.

Jambo zito ni hatua ya pili. Ukiambiwa kuna kitu, huenda ukatakiwa kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa sindano ili kipimwe, na huenda ukaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Majibu hayatoki siku hiyo. Ikithibitika, kuna upasuaji na dawa, na ikihitajika mionzi unaweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Uvimbe mdogo wakati mwingine hutolewa titi likabaki, ila mara nyingi hapo mionzi hufuata. Kwa hiyo kabla ya foleni, angalia bima yako inalipia nini, mkopo wa VICOBA unaweza kusogezwa au la, na watoto watabaki na nani. Mtu mzima hutoa ridhaa yake mwenyewe, lakini kama nauli iko kwa mume, heri umwambie kabla, majibu yakiwa bado hayajamtisha mtu. Anayeona hataweza kabisa hatua hii mwaka huu ana haki ya kungoja, mradi awe hana dalili.

Siku ya kupima usiondoke bila karatasi yenye maelezo ya walichokiona, na picha kama imepigwa. Uliza majibu yanatoka lini, nani atakupigia, na uandikishe namba ya simu inayoshikwa na mtu unayemwamini, siyo ile ya kijana anayebadilisha laini kila mwezi.